Kiti cha Baba Mkwe

Ukiharibikiwa na umeme wa gari hapa Tunduma, ukaambiwa nenda kwa Anyitike, usiende na uso wa kushangaa. Ameshawaona wengi wa namna hiyo. Dereva anashuka kwenye lori, anaangaza huku na huku akitafuta mwanaume, kisha anauliza, "Fundi yuko wapi?" Anyitike anamjibu bila hata kunyanyua kichwa, "Unamkanyagia waya zake." Duka langu la spea linatazamana na kijiwe chake, kwa hiyo mchezo huo nimeuona mara nyingi, na kila ukirudiwa nacheka upya.

Mimi naitwa Uledi. Kwetu ni Tabora, ila Tunduma imeshanimeza. Nauza fyuzi, balbu na waya, na muda unaobaki nagombana na wateja wanaotaka kurudisha kitu walichokwisha kukiunguza wenyewe. Anyitike ni Mndali, mzaliwa wa Ileje, mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, isipokuwa akikasirika. Mumewe Luka ni rafiki yangu, dereva wa malori ya Zambia na Kongo. Alimpata mkewe hapohapo kijiweni, siku aliyokuja kutengenezewa taa za breki. Alimkuta ni fundi, akamuoa ni fundi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Tatizo lilikuwa baba yake Luka.

Mzee Andongwisye anaishi Isongole, kule karibu na mpaka wa Malawi. Ana shamba, ana cheo kanisani, na ana pikapu ya zamani ambayo tangu ainunue hakuna mtu mwingine aliyeiendesha. Alipoambiwa mwanawe ameoa fundi magari alidhani ni utani. Alipojua si utani hakupiga kelele. Alituma salamu tu, kwamba mke wa mwanawe ana jembe lake Isongole, limeshatiwa mpini, linamsubiri. Mke wa mtu halali chini ya magari ya wanaume. Tangu hapo, kila Luka alipokwenda kusalimia nyumbani, alirudi na salamu hizohizo.

Utauliza, kwa nini Anyitike hakwenda kukaa na mkwewe wakayamaliza? Hata mimi niliuliza. Nikaambiwa kwao mwanamke haonani na baba mkwe. Sisemi hawapatani, nasema hawaonani. Akimwona anakuja, anaiacha njia. Jina lake halitamki. Hasemi naye, wala hakalii kiti chake. Wandali wengi siku hizi wameshaliacha jambo hilo, lakini nyumba ya Mzee Andongwisye inalishika, na Anyitike, pamoja na ukali wake wote, analishika kuliko hata huyo mzee. Ipo namna ya kuuondoa mwiko, wazee wanakaa na ng'ombe anatolewa, ila lazima mzee mwenyewe atake, na huyu alikuwa hajataka.

Mimi nilisema hizo ni taabu za bure. Kwetu ukweni tunaingia tumeinamisha vichwa, lakini tunaingia. Anyitike akanitazama.

"Kaka Uledi, hiyo ni heshima. Wewe ukifunga Ramadhani nimewahi kukuuliza njaa inakusaidia nini?"

Nikarudi dukani kuhesabu fyuzi zangu.

Kwa hiyo ndoa ikakua, mtoto akazaliwa akaitwa Blessing, na baba mkwe alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya mama yake Blessing hata siku moja.

Kiangazi cha mwaka huu kanisa la mzee liliandaa mikutano ya vijijini. Pikapu yake ikachaguliwa kuongoza msafara, ikiwa na kwaya nyuma na vipaza sauti juu. Mzee akanunua amplifaya, spika mbili za tarumbeta na maikrofoni, vyote vipya, akatafuta wa kumfungia. Luka alikuwa anajiandaa na safari ya Kongo. Akamwambia baba yake kwamba Tunduma nzima atakayeifunga kazi hiyo ikafungika ni mtu mmoja tu, na anamjua.

Mzee akatoa masharti. Mke wa mwanawe akiweza, habari ya jembe haitatajwa tena. Asipoweza, afunge boksi lake la spana arudi Isongole kulima. Luka alikuja kuyasema hayo mbele yangu akiwa ameinamisha macho, maana anamjua mkewe. Ningekuwa mimi ningeomba siku ya kufikiri. Anyitike alifuta mikono kwenye tambara akasema, "Mwambie alete gari." Kisha akaendelea na taa aliyokuwa anaifunga.

Luka akaondoka na lori lake, na ujumbe kati ya mkwe na mkwe ukaniangukia mimi, mtu wa Tabora.

Pikapu ilipoingia gereji, Anyitike alikuwa ameshajificha nyuma ya lori la jirani. Mzee akashuka, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote pamoja na lile jua.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Yupo?"

"Yupo."

"Haya. Gari hilo, na vyombo vyake viko nyuma. Mimi niko pale nakunywa chai."

Ufunguo akautia mfukoni, akaupapasa kwa nje kuhakikisha umo, akavuka barabara. Akakaa kwenye banda la chai akiwa ametupa mgongo. Na yeye aliushika mwiko, siwezi kumsingizia.

Anyitike akatoka. Akaizunguka pikapu, akagonga bodi kwa vidole, akafungua boneti. Kisha akafungua mlango wa dereva na hapo akasimama. Mashine za namna hii, yaani amplifaya, katika pikapu hukaa nyuma ya kiti. Unakilaza kiti mbele, unaifunga kwenye ukuta wa kabini, mvua haiipati, mwizi haioni. Lakini kiti chenyewe kilikuwa na blanketi iliyokunjwa, na katikati ya blanketi pamebonyea mahali mzee anapokaa.

"Mimi nitakilaza," nikamwambia.

"Utakilaza, halafu nani aingize mikono afunge? Wewe?"

Akaufunga mlango taratibu. Akasema mashine itakaa nje, ndani ya boksi la mbao, kwenye bodi ya nyuma, mgongoni mwa kabini. Nikaona anavyoumia kulisema hilo, maana huyu ni mtu ambaye waya ukikaa upande anaufungua aanze upya.

Lakini alipoanza kazi, ilikuwa raha kumtazama. Waya mnene kutoka kwenye betri, na karibu kabisa na betri fyuzi, kwa sababu yeye hafungi chochote bila fyuzi hata mteja alie. Waya ukapita chini, ndani ya mpira, mbali na bomba la moshi, umebanwa kila baada ya hatua. Ethi, yaani waya wa kurudisha umeme, akautafutia mahali pazuri kwenye bodi. Akasugua rangi kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza bolti, akapaka grisi kuzuia kutu.

Sehemu iliyobaki ilikuwa kuunga waya wa sauti kwenye redio, na redio iko ndani ya kabini. Basi aliyekalia kiti cha mzee ni mimi. Tumbo limebanwa na usukani, shingo imepinda, mikono nyuma ya redio, na fundi amesimama dirishani kwa nje ananielekeza.

"Mwekundu, kaka Uledi. Huo ni wa kahawia."

"Huku giza, shemeji!"

"Tumia tochi, siyo mdomo."

Ile redio inawaka bila ufunguo, kama redio za magari mengi ya zamani yaliyopita mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyewe. Akaniambia niiwashe. Sauti ikatoka safi, nzito chini, kali juu, ikajaa gereji yote. Vijana wa rangi wakaanza kucheza. Kwenye foleni ya malori dereva mmoja wa Kizambia akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti, "Natotela, mama!", akishukuru kana kwamba amewekewa yeye. Anyitike akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ambao kwake ni kicheko kikubwa.

"Na injini?" nikamuuliza. "Si huwa hutoi gari bila kupiga resi?"

Akatazama banda la chai. "Ufunguo uko mfukoni kwake."

"Nikauombe."

"Muache anywe chai yake. Leo inatosha."

Sijawahi kumsikia Anyitike akisema leo inatosha. Nilishangaa, lakini sauti ilikuwa tamu na mimi nilikuwa nataka kunyoosha shingo. Nikaenda kumwita mzee. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaingia, akatoka na gari kwa barabara ya kwenda Mpemba, nje kidogo ya mji, kulijaribu. Huku nyuma Anyitike akakaa kwenye kigoda chake, akanyoosha miguu, akaagiza soda.

Soda hakuimaliza. Tulilisikia gari kabla hatujaliona. Kwanza wimbo wa kwaya, na juu ya wimbo mluzi mwembamba, unapanda kila mzee alipokanyaga mafuta, unashuka alipoachia, unapanda tena, mpaka masikio yanawasha.

"Oya!" akapiga kelele Clement mchomeleaji. "Mzee kafungiwa king'ora!"

Gereji ikaangua kicheko. Nilitamani kumrushia Clement balbu, lakini balbu ni za kuuza. Nilipogeuka, kigoda kilikuwa kitupu. Mzee akasimamisha gari, akazima, akashusha kioo, akaniita kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, nimepanda kilima chote naambiwa fyuu, fyuu, kama mwizi wa kuku. Niende hivi mbele ya mchungaji?"

"Hapana, mzee."

"Basi mwambie fundi wenu, jembe lake lipo. Na mpini haujalegea."

Niliumia. Niliumia kana kwamba jembe nimepewa mimi. Nikaenda nyuma ya lori nikijua nitakuta machozi, nikiwa nimeshapanga maneno ya kubembeleza. Nilimkuta amesimama wima, taya zimekaza, macho makavu.

"Unapanda akipiga resi?"

"Unapanda."

"Akiachia unashuka?"

"Unashuka. Shemeji, pole sana..."

"Pole ya nini? Hiyo si mashine, hiyo ni ethi." Akanieleza upesi, huku anachora vumbini kwa kidole cha mguu. Umeme ukitoka kwenye betri lazima upate njia ya kurudi, na njia yenyewe ni chuma cha gari. Njia hiyo ikikatika, umeme hautulii, unajipenyeza kwenye waya mwembamba wa sauti unaotoka kwenye redio, na huko unakokota kelele zote za injini. Injini ikiwa imezimwa, kelele hakuna. Ndiyo maana hatukusikia.

"Lakini ethi si umeifunga mwenyewe? Nimekuona."

"Nimeifunga kwenye bodi. Nenda kamuulize bodi yake imekalia nini."

Nikaenda. Nilipomuuliza, mzee alisahau kwa muda kwamba amekasirika. Ile bodi, akasema, kaijenga yeye mwenyewe baada ya ya zamani kuliwa na kutu. Imekalia mbao za mninga, na kati ya mbao na chuma ametia vipande vya tairi. Bodi imefungwa kwenye mbao, mbao zimefungwa kwenye chasisi, kile chuma cha chini kinachobeba gari zima, chuma na chuma havigusani popote. "Ndiyo maana hailii hata kwenye mashimo ya vijijini," akasema, na akaupiga ubavu wa gari kwa kiganja.

Nikarudi na majibu hayo. Anyitike akafumba macho, kisha akacheka kweli, kicheko cha kujicheka.

"Nimefunga ethi kwenye kitanda! Ningekaa pale kwenye kiti nikapiga resi mara moja tu, ningeujua ugonjwa kabla gari halijatoka hapa." Akachukua spana, waya na msasa. "Mwambie akae ndani, asigeuke. Mimi napita nyuma, naingia chini."

Alipita ameinama, kitenge kimemfunika kichwa, akajitia uvunguni kwa nyuma. Mpango ulikuwa kwamba mzee apige resi, Anyitike aguse chasisi kwa waya mpya, tusikilize mluzi unakufa au haufi. Mimi nisimame katikati niwe mdomo wa wote wawili. Mpango mzuri, mdomo ndio ulishindwa. Anyitike akisema washa, nikifika dirishani anasema ngoja. Mzee akipiga resi, huku chini fundi anataka aachie. Nikimwambia mzee aachie, ameshaachia kitambo, na fundi anataka apige. Nilikimbia kati ya mlango na uvungu mpaka kanzu ikaniloa jasho. Clement na wenzake walikuwa wameacha kazi, wamekaa kunitazama.

"Mwambie azime!" Anyitike akasema kutoka chini, na injini ikapiga kelele zaidi. "Uledi, mkono wangu uko karibu na feni ya propela, mwambie azime!"

Propela ya pikapu haina feni, na mpaka leo sijui alikuwa anasema nini, ila nilielewa ana hofu. Nikakimbia. Nikajikwaa kwenye jeki, nikaanguka chali.

Nikiwa hapo chini nikauona mkono wake ukitoka uvunguni, umejaa grisi, ukapapasa ukingo wa bodi, ukaikamata maikrofoni iliyokuwa inaning'inia hapo.

"Mwenye gari," sauti ikasema kutoka kwenye tarumbeta zote mbili. "Naomba uzime."

Injini ikazima papo hapo. Gereji nzima ikazima nayo. Kijana mmoja Mndali aliyekuwa anapuliza rangi aliweka mkono mdomoni. Hata mimi, mtu wa kuja, nilijua kilichotendeka: mke wa mwana amesema na baba mkwe. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono juu ya usukani, anatazama mbele. Hakugeuka. Nikamwombea Anyitike dua kimoyomoyo.

Na yeye, chini kule, hakuomba radhi. Nafikiri alijua akianza kuomba radhi kazi haitakwisha.

"Mwenye gari," akasema tena, kwa adabu, sauti haitetemeki. "Naomba uwashe. Piga resi taratibu, ushikilie hapo mpaka nikwambie."

Mzee hakufanya chochote. Kisha nikauona mkono wake ukienda kwenye ufunguo.

Injini ikawaka. Ikapanda taratibu, na mluzi ukapanda nayo, mkali, ukang'ang'ania hapo juu. Chini ya gari nikasikia msasa ukikwaruza chuma, kisha mlio mdogo wa waya kugusa chasisi. Mluzi ukakatika. Ilibaki injini peke yake, inanguruma kwa heshima zake. Anyitike akautoa waya, mluzi ukarudi. Akaugusa, ukafa.

"Asante," tarumbeta zikasema. "Zima sasa. Nakaza bolti."

Alipomaliza akabaki hukohuko chini, kwa sababu mzee alikuwa hajashuka. Mzee alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mwanangu Uledi. Hicho chombo cha kusemea kinafika huku?"

Nikavuta kamba ya maikrofoni, nikaipitisha kwenye kidirisha cha nyuma cha kabini. Akaishika kwa mikono miwili, akapuliza, akakohoa kama anayeanza tangazo kanisani. Bado macho yake yalikuwa mbele.

"Mama Blessing."

Chini ya gari nikasikia spana ikiwekwa chini.

"Nimekusikia," akasema. "Mashine haifungwi nje kwenye mvua. Hata mimi nisiye fundi najua mahali pake ni nyuma ya kiti. Sasa kiti ni changu, na mimi ndiye ninayesema, kikaliwe. Ng'ombe nitamtoa Luka akirudi, wazee wakae, mambo yawe sawa. Lile jembe nitampa mtu mwingine, limekaa bure mpaka linaota kutu."

Akairudisha maikrofoni kwa kidirisha. Akashuka, akauacha ufunguo juu ya blanketi, palepale palipobonyea, akavuka barabara kwenda kwenye chai yake bila kutazama nyuma. Sijui wengine. Mimi nililia, na sioni aibu kulisema.

Anyitike alitoka uvunguni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akaifuta kwa kitenge chake safi. Magari yote aliyowahi kuyaingia mbele yangu, sijamwona akinawa kwanza. Akafungua mlango wa dereva, akapanda, akakaa. Akawasha, akakanyaga mafuta mpaka moshi ukafunika kibanda cha Clement, na katika ngurumo yote ile hapakuwa na mluzi. Kule bandani mgongo wa mzee ulitikisika kidogo kwa kicheko, akaagiza chai nyingine.

"Kaka Uledi," Anyitike akaniita kutoka ndani, macho yakimng'aa, sauti ileile ya ukali. "Utasimama hapo unalia mpaka saa ngapi? Niletee spana kumi na mbili, nakilaza kiti."